Sura ya Saba: Kidonge cha Kumsahau Mtu

Waganga wa mapenzi hawauzi dawa ya kusahau. Soma matangazo yao kwenye nguzo za umeme katika miji yetu, Masasi na Newala zikiwamo: kumrudisha aliyekuacha, kumtuliza mume, kumfunga mpenzi asitazame kando, kusafisha nyota. Wanawajua wateja wao. Aliyeachwa jana hataki kusahau, anataka mtu wake arudi. Ombi la kusahau huja baadaye, mwezi wa tatu au mwaka wa pili, anapokubali kwamba yule harudi tena. Hapo ndipo mtu huomba afutiwe: alale bila kuiona sura ile, apite mbele ya kibanda walichokuwa wakinunua chipsi bila moyo kumpasuka.

Ombi hilo nalichukulia kwa uzito wote, maana anayeliomba anaumwa kweli. Mwaka 2011 Ethan Kross na wenzake nchini Marekani waliwachukua watu 40 walioachwa na wapenzi wao siku za karibuni, wakawalaza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha picha ya aliyewaacha. Kisha wakawagusisha mkono kitu cha moto. Baadhi ya sehemu za ubongo zilizoamka kwa joto la mkononi ndizo zilizoamka kwa ile picha. Mtu akisema moyo unamuuma, asiambiwe anajidekeza.

Basi swali la sura hii ni hili: kama maumivu hayo yangeweza kufutwa, pamoja na kumbukumbu zinazoyabeba, tungepata furaha?

Aliyelikaribia zaidi jibu kwa vitendo ni Alain Brunet, mwanasaikolojia aliyefanya kazi hiyo akiwa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada. Kwa miaka mingi alitibu watu walionusurika vita, ajali na mashambulizi, akitumia propranolol, dawa ya zamani ya presha na mapigo ya moyo ambayo hospitali zetu nazo huitumia. (Mwenye pumu haimfai kabisa, inaweza kumbana pumzi, na hakuna mtu wa kujinunulia dukani kwa sababu ya mapenzi.) Baadaye akaigeuzia dawa hiyo kwa watu waliosalitiwa na wapenzi au wenzi wao wa ndoa. Mgonjwa humeza kidonge, husubiri kama saa moja, kisha huandika habari ya siku aliyogundua usaliti, kana kwamba inatokea sasa hivi, pamoja na jinsi mwili ulivyohisi: tumbo lilivyomkata, jasho lilivyomtoka. Akimaliza huisoma. Wiki inayofuata hurudi, humeza tena, huisoma tena. Baada ya wiki chache, wengi walieleza kwamba habari ile ile waliyoiandika kwa machozi waliisoma kama habari ya mtu mwingine.

Kwa nini asome? Kwa nini asimeze kidonge tu akalale? Jibu limo katika jaribio la mwaka 2000 la Karim Nader, alipokuwa katika maabara ya Joseph LeDoux, New York. Aliwafundisha panya kuogopa mlio fulani kwa kuufuatisha na shoti ya umeme. Kumbukumbu ilipokomaa, aliwasikilizisha mlio ule, kisha akawadunga ndani ya ubongo, kwenye amigdala, dawa inayozuia seli kutengeneza protini. Siku iliyofuata woga ulikuwa umepungua sana. Lakini panya waliodungwa dawa ile ile bila kusikilizishwa mlio waliendelea kuogopa kama kawaida. Hapo ndipo uzito wote wa jambo hili ulipo. Kumbukumbu iliyolala haiguswi. Ikiitwa, hulegea kwa saa kadhaa, kisha hujengwa upya, na ni katika muda huo wa kulegea tu ndipo inaweza kubadilishwa.

Na kinachobadilika si kile ambacho aliyeachwa anafikiri. Mwaka 2009 Merel Kindt na wenzake wa Amsterdam waliwafundisha watu kushtuka waonapo picha fulani ya buibui, wakawapa propranolol, wakawaonyesha picha tena. Kesho yake mwili haukushtuka. Lakini walipoulizwa kama picha ile hufuatwa na shoti, walijibu ndiyo, bila kusita. Habari ilibaki nzima, mwili ndio uliotulia. Wagonjwa wa Brunet nao hawakusahau jina la mtu wala tarehe ya tukio. Ni lazima niongeze kwamba utafiti wake wa wasalitiwa haukuwa na kundi lililopewa kidonge kitupu kwa kulinganisha, na kwamba maabara nyingine zimerudia majaribio ya aina ya Amsterdam zisipate matokeo yale yale. Sayansi hii bado changa. Hata hivyo inaashiria kwamba njia ya kupunguza uchungu inapita katikati ya kumbukumbu yenyewe, mtu akiitamka.

Njia ya pili, ya kujilazimisha kutokumbuka, wengi wetu tumeijaribu. Tunafuta namba, tunachoma barua, tunakataza marafiki wasitaje jina. Daniel Wegner aliipima mwaka 1987: aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wagonge kengele kila atakapowajia. Walishindwa, tena walioanza kwa kumkataa, walipoachiwa wamfikirie, walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Mwenye kulinda mlango dhidi ya mtu mmoja analazimika kumtazamia huyo huyo usiku kucha.

Ufutaji kamili upo kwenye sinema tu. Katika filamu ya mwaka 2004 ya Michel Gondry, Eternal Sunshine of the Spotless Mind, wapenzi wawili hulipia kufutiwa kila kumbukumbu ya mwenzake, kisha hukutana tena kama wageni na kupendana upya. Watu wengi huiona kama hadithi tamu. Mimi huniogopesha, maana wanarudi kwenye makosa yale yale wakiwa hawana hata funzo walilolilipia. Katika maisha halisi aliyekuwa karibu zaidi na hali hiyo ni Henry Molaison wa Marekani, aliyefanyiwa upasuaji wa kifafa mwaka 1953, akatolewa sehemu za ubongo zinazohifadhi mambo mapya. Kifafa kilipungua, lakini kuanzia siku hiyo hakuweza kutunza jambo jipya kwa zaidi ya muda mfupi. Alipoambiwa kwamba ndugu mmoja wa karibu amefariki alihuzunika, kisha akasahau, na baadaye akauliza habari zake tena. Msiba kwake haukuwahi kupata nafasi ya kuzeeka.

Sasa nataka tuje Masasi, kwa sababu mji huu ulianzishwa na watu waliokwisha kufutwa mara moja.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika chini ya milima ile ya mawe akiwa na zaidi ya watu hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokombolewa utumwani na kulelewa na misheni Unguja. Walikusudia kwenda mbali zaidi, hadi Nyasa, lakini wakaishia Masasi na kujenga. Tufikirie utumwa ulivyowafanyia watu wa namna yao. Aliyekamatwa na kushushwa pwani alipewa jina jipya na bwana: Mabruki, Feruzi. Lugha ya mama ikafunikwa na Kiswahili cha mashambani. Aliyekuwa na mke au mume huko bara hakuwa na namna ya kujua kama yu hai, na bwana angeweza kumwoza mwingine. Utumwa ulimtaka mtu asiye na jana, kwa kuwa asiyekumbuka kwao hana pa kutorokea. Kama kusahau penzi la kwanza kungeleta furaha, basi watumwa wangekuwa watu wenye furaha kuliko wote pwani nzima, maana waliamrishwa kusahau kila kitu.

Lakini tazama kilichotokea mtu alipopewa nafasi. Kwenye shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, wavulana waliokombolewa waliandika kwa Kiswahili habari za maisha yao: nyumbani kulikuwaje, nani alikuwa mama yao, siku ya kukamatwa ilianzaje. A. C. Madan, yule yule aliyetunga kamusi za Kiswahili, akazikusanya na kuzitafsiri, zikachapishwa mwaka 1887. Watoto wale hawakuchagua kuanza upya na ukurasa mweupe. Waliandika kila walichoweza kukikumbuka, na walikiandika kwa ajili ya msomaji. Naamini kalamu ile ilifanya kazi ambayo Brunet aliifanya Montreal na kidonge juu yake: jambo lililokuwa likimjia mtu usiku bila ruhusa linaitwa mchana, linapangwa, linapewa mwanzo na mwisho, na kuna mtu anayelipokea.

Mwanafunzi mmoja wa Kiungani, Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, alitumwa mwaka 1886 Chitangali, kwenye eneo hili hili la Masasi na Newala, akawahubirie watu wa lugha yake. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri. Mtu aliyefutwa Uyao wake asingeweza kazi hiyo.

Watu wa Masasi hawakuachwa kwa amani. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huku Magwangwara, walivamia kituo, wakaua na kuteka. Padri Porter wa misheni akawafuata hadi kwao kutafuta mateka wakombolewe. Misheni, chini ya Chauncy Maples, ikahamia Newala, juu ya Uwanda wa Makonde. Nasi tuifuate huko.

Newala iko ukingoni. Pale Shimo la Mungu ardhi inakatika na kushuka hadi bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Juu ya uwanda hakuna mito. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka na kupanda kwa ajili ya ndoo ya maji. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa hapa mwaka 1906 akinasa nyimbo kwa fonografu, aliishangaa shida hiyo ya maji. Lakini lililonileta Newala ni ndoa, hasa ndoa inapokwisha.

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera huhesabu ukoo kwa mama. Mtafiti wetu J. A. R. Wembah-Rashid aliliandikia jambo hili kitabu kizima mwaka 1975. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli ni mjomba. Kwa desturi ya zamani aliyehama wakati wa kuoa ni mwanamume: alikwenda kukaa ukweni, akalima, akajenga nyumba kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Ndoa ikivunjika, aliyechukua jembe lake na mkeka wake akaondoka alikuwa yeye. Mke alibaki pale alipokuwa, mama yake nyumba ya pili, dada yake nyumba ya tatu, watoto wakicheza uwanja ule ule.

Wageni husema watu wa kusini wanaachana hovyo kwa sababu mapenzi kwao ni mepesi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwanamke wa Newala wa enzi hizo alilia kama mwanamke mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba alilia kwake. Alichopoteza kilikuwa mtu yule tu, hakikuwa mtu pamoja na paa, shamba na watoto. Sehemu kubwa ya uchungu tunaoomba ufutwe haiko kwenye kumbukumbu. Iko kwenye chumba cha kupanga ambacho mtu hawezi kukilipia peke yake, kwenye watoto waliobaki kwa mkwe mkali, kwenye miaka kumi ya kazi iliyojenga nyumba ya mtu mwingine. Mchukue mwanamke mwenye mzigo huo umfutie sura ya mume wake. Kesho ataamka na kodi ile ile, watoto hawapo, naye hajui kwa nini.

Na wanaume? Hapa mkorosho unaingia katika habari. Mihogo huvunwa ikaisha, na anayeondoka anaweza kungoja avune kisha aende. Mkorosho hauishi. Zao hili lilipoenea kusini baada ya Vita Kuu ya Pili, wanaume walipanda miti itakayodumu kupita ndoa zao, tena wakati mwingine kwenye ardhi ambayo si ya ukoo wao. Tuseme mwanamume ameachana na mkewe, na mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake imebaki ukweni. Kila Juni anaona watu wakiipulizia salfa kuzuia ubwiriunga. Kila Oktoba wanaokota, wanapeleka kwenye chama cha msingi, wanangoja mnada. Anayopita nayo njiani ni hasira, na ndani ya hasira hiyo kuna usiku walipohesabu miche pamoja na kupanga majina ya watoto. Vimeshikana. Akifutiwa penzi, dai lake halitakuwa na mwanzo; na akiachiwa dai bila kusikilizwa, penzi lile litaendelea kuchacha. Mabaraza yanajua kwamba ugomvi wa mikorosho mara nyingi si wa korosho peke yake.

Hapo ndipo naona busara ya mila na dini za huku, ambazo hazikumtaka mtu asahau haraka. Kwa Waislamu, walio wengi Newala, aliyeachwa hukaa eda ya tohara tatu, na mfiwa miezi minne na siku kumi. Huo ni muda uliotengwa rasmi, ambao hakuna anayemwambia mwanamke achangamke. Katika unyago kungwi huwaeleza wali mambo ya ndoa, pamoja na namna inavyovunjika, kwa nyimbo na mafumbo ambayo si ya kuandikwa hapa. Mwali anatoka akijua kwamba kuachwa kumewapata wengine kabla yake, na kwamba kuna mtu wa kumwendea.

Na kuna bibi. Binti aliyerudi, au aliyebaki peke yake, mama yake humwonea huruma na kunyamaza. Bibi hanyamazi, maana kati ya bibi na mjukuu kuna utani. Atamwita mke mwenzangu, atamuuliza yule bwana wetu ametukimbilia wapi, na alikuwa akikoroma namna gani hata tukamvumilia miaka yote hiyo. Binti anacheka huku analia. Kwa dakika chache kumbukumbu imeitwa, imelegea, na inarudi mahali pake ikiwa imechanganyika na kicheko cha bibi. Hakuna aliyepima jambo hili kwa mashine, nami sitadai kwamba utani ni propranolol. Ninachosema ni kwamba vyote viwili vinahitaji mlango ufunguliwe, na aliyefungiwa chumbani Dar es Salaam na simu yake, akirudia picha za zamani saa nane za usiku, anaita kumbukumbu ile ile bila bibi, bila daktari, na kila mara inarudi ikiwa na uchungu wake wote.

Wapo watu ambao sitawaambia wakumbuke. Aliyepigwa, aliyebakwa na mume, aliyechomwa na maji ya moto, huyo hana kumbukumbu ya mapenzi yaliyokwisha. Ana jeraha la ukatili, na mwili wake unashtuka mlango ukigongwa. Kama matibabu ya Brunet yatathibitika, wa kwanza kupewa wawe hao, chini ya daktari, wala mtu asiwaambie kwamba mateso yana mafunzo. Hata kwao lakini nafurahi kwamba tiba inatuliza mwili na kuacha habari. Maana mbele ya Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na baadaye mahakamani, aliyepigwa ataulizwa siku, mahali na maneno. Dawa ambayo ingefuta yote hayo ingekuwa zawadi kwa aliyempiga.

Kwa waliobaki, ambao ni wengi, wasiwasi wangu mkubwa ni jinsi ile ardhi ya kubaki inavyopungua. Wali wa Newala wa leo huolewa Masasi mjini, Mtwara, Dar es Salaam. Wanahamia kwa mume, kwenye kiwanja chenye jina la mume. Wakiachwa wanaondoka wao, kinyume cha bibi zao. Sheria imejaribu kufuata. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, na hati ya haki miliki ya kimila inaweza kubeba majina ya wote wawili. Lakini kabla ya mahakama, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanandoa wafike kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Huko, mbele ya wazee, mwanamke ataambiwa aeleze: mlioana lini, kiwanja mlinunua kwa fedha gani, nani alifyatua matofali, mikorosho ile nani alipanda na nani alipalilia, na siku ya kwanza aliyokufukuza alisema nini. Ili ajibu, atahitaji kila alichokihifadhi, siku nzuri na siku mbaya, hata zile zitakazomliza pale pale barazani.